Spika zinazochomekwa ukutani: hela na makosa yangu na Quad za zamani

Naanza na kosa lenyewe kabisa maana najua kuna mtu atasoma mistari mitano tu aondoke. Ukinunua spika za elektrostatiki za zamani, zinazotumia umeme tuli kama hizi zangu za kampuni ya Quad ya Uingereza, usinunue kitu kingine chochote cha kuziboresha mpaka uwe na uhakika zenyewe ni nzima. Mi nilifanya kinyume, nilinunua waya za bei, nikanunua ampu kubwa (ile mashine ya kukuza sauti), nikaanza kusoma habari za kapasita (vile vipuri vya kuhifadhi chaji), kumbe muda wote huo nilikuwa namvisha mgonjwa suti badala ya kumpeleka hospitali. Imenigharimu pauni kama elfu moja na mia tano jumla, ukihesabu na bei ya spika zenyewe, na nusu ya hizo ni za ujinga wangu mwenyewe.

Mi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, ila nipo Uingereza mwaka wa kumi na saba sasa, Peterborough. Baba yangu alikuwa fundi redio, kwa hiyo nimekulia kwenye harufu ya risasi ya kulehemu na redio zilizofunuliwa matumbo. Huku nafanya kazi ya gari, kuhamisha watu vyombo vyao. Sasa siku moja tukaenda kumhamisha mzee mmoja wa Kiingereza, yuko kijijini karibu na Huntingdon, anapelekwa kwenye makazi ya wazee. Sebuleni kwake kulikuwa na vitu viwili nikadhani ni hita, yaani zile rejeta za kupashia nyumba joto, pana, fupi, zimejipinda kidogo, wavu wa chuma rangi ya shaba mbele, na vimiguu vya mbao. Nikamuuliza mzee hizi hita nazo zinaenda au zinabaki? Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia kaa hapo kijana. Akaweka santuri, mama mmoja anaimba na piano tu.

Sijui niseme nini. Sio kwamba sauti ilikuwa kubwa, ilikuwa ya kawaida tu, ila spika hazikuwepo. Yule mama alikuwa amesimama pale dirishani. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya mstari, nikasikia na kale kamlio kadogo ka ulimi kabla neno halijatoka. Mwenzangu alikuwa nje anapiga honi nikamwacha apige.

Nikaomba kuzinunua, mzee akasema zimeshaahidiwa binti yake. Basi nikarudi nyumbani nimeugua.

Nieleze kidogo hii kitu inafanyaje kazi, maana bila hapo huwezi kuelewa kwa nini inaharibika. Wote tulifanya ule mchezo darasani, unasugua peni ya Bic kichwani halafu unaokotea vipande vya karatasi. Umeme tuli. Spika ya kawaida ina sumaku nyuma, koili katikati na koni ya karatasi inayosukumwa mbele na nyuma, vyote ndani ya boksi. Hii haina sumaku, haina koni, haina boksi. Ina utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, umetandazwa kama ngozi ya ngoma katikati ya sahani mbili zenye matundu. Utando unapewa chaji ya volti maelfu, ndo maana spika inachomekwa ukutani kama friji, halafu muziki unaotoka kwenye ampu unapita kwenye transfoma, unapandishwa volti na kupelekwa kwenye zile sahani, moja inavuta nyingine inasukuma, utando wote unatikisika kwa pamoja. Kwa vile ule utando ni mwepesi karibu sawa na hewa iliyo mbele yake, ukiambiwa anza unaanza na ukiambiwa acha unaacha, haubaki unayumba kama koni nzito. Siri ya yule mama dirishani ndo hiyo.

Quad ndo waliofanya hii kitu iingie majumbani. Aliyeibuni ni Peter Walker, kampuni yake ilianzia London 1936, ikapigwa mabomu wakati wa vita wakahamia Huntingdon, na spika yenyewe ikaingia sokoni 1957 ikaendelea kutengenezwa mpaka 1985. Miaka ishirini na nane bidhaa ileile. Watu wanaiita 57 ingawa jina lake lilikuwa ESL tu, kifupi cha Kiingereza cha spika ya elektrostatiki. Ndani ina paneli tatu, katikati ya trebo, yaani sauti nyembamba, na huku na huku za besi, sauti nzito. Trebo inalishwa kama volti 1500, besi kama volti 6000. Kariri hizo namba mbili maana habari yangu yote inazunguka hapo.

Miezi minne nikatafuta mpaka nikapata pea, mtu anauza pauni 380, kaandika mara ya mwisho zilikuwa zinafanya kazi. Hiyo sentensi ukiiona kimbia, au angalau uliza mara ya mwisho ni lini. Zangu zilikuwa zimekaa kwenye gereji ya gari miaka tisa. Gereji ya Uingereza! Baridi, unyevu, panya. Mi nilichofanya ni kuangalia kama rangi haijatoka na kama miguu ya mbao ipo, nikalipa, nikazilaza chali kwenye gari na juu nikaweka sanduku la zana. Niliporudi baadaye kujifunza nikajua ule wavu wa mbele ukiubonyeza unaweza kugusa mambo ya ndani, zinatakiwa zisafiri zimesimama na zimefungwa kamba, hakuna kitu juu yake.

Kama unaenda kununua leo, mwambie muuzaji azichomeke ukutani usiku kabla hujafika. Halafu kaa nazo nusu saa. Weka sauti ya mtu mmoja anaongea, sio muziki, ipige mono, yaani spika zote mbili zitoe sauti ileile, halafu kaa katikati, sauti itoke katikati. Ikivutia upande mmoja, ule wa pili ni mgonjwa. Badilisha waya za kulia na kushoto kwenye ampu, udhaifu ukibaki kwenye spika ileile basi ni spika, ukihama basi ni ampu. Dakika mbili tu na zingeniokoa karibu mwaka mzima. Halafu zima muziki, zima taa, weka sikio. Ukisikia tik, tik, au kama mtu anakaanga kitu kwa mbali, jua kuna umeme unavuja ndani. Sio lazima uache kununua ila bei ishuke sana.

Jambo lingine ni waya wa ukutani. Zangu zilikuwa na waya wa zamani, wa kabla ya rangi za sasa hivi. Huku zamani nyekundu ilikuwa moto, nyeusi nyutro ya kurudishia umeme, kijani ndo ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Sasa mtu wa leo amezoea kahawia na bluu anaweza kubuni vibaya akaingiza moto sehemu ambayo sio. Na ule wavu wa mbele ni chuma, mtoto anaushika, kwa hiyo ethi ni lazima iwe nzima. Mi nilikuta ya kulia ethi imekatika ndani ya plagi, imening'inia tu. Badilisha waya wote kabla hujachomeka, haizidi pauni kumi.

Basi nikachomeka. Ya kushoto ikaamka vizuri baada ya dakika kadhaa. Ya kulia ikawa inanong'ona. Mtu yeyote mwenye akili angesema hii ina tatizo. Mi nikasema hizi spika ni nzito kusukuma, nimesoma mahali kwamba mzigo wake unashuka mpaka chini ya omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, ikiwa ndogo ampu inatoka jasho) kwenye sauti nyembamba za juu kabisa, kwa hiyo ampu yangu haina nguvu. Nikanunua waya za spika za pauni 110, nene kama mpira wa bustani. Hakuna kilichobadilika. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa tunafanya naye kazi aliziona akasema, "Wewe bwana, hizi si ndio zile wanafungia meli pale Kilindini?" Bado ananitania nazo mpaka leo.

Halafu nikanunua ampu ya wati mia na ishirini. Pauni 260.

Hapa ndo naomba usome taratibu. Hizi spika zina mwisho wake, volti 33 za kilele, yaani pale wimbi la muziki linapopanda juu kabisa, kwenye mlango wa kuingilia, zikipita hapo ile hewa kati ya utando na sahani inashindwa kuhimili na umeme unaruka. Ampu ya wati mia inaweza kutoa volti arobaini bila kutoa jasho. Zilitengenezwa enzi za ampu za valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) za wati 15, mtengenezaji mwenyewe alikuwa anauza Quad II za wati hizohizo kwa ajili yake. Mi nikaweka muziki wa dansi, nikapandisha, na kwa vile kulia ilikuwa dhaifu nikapandisha zaidi ili nayo isikike. Iliyokufa sasa sio ile mbovu, ni ile NZIMA. Kushoto ikasema tss, nikaona kimwanga cha bluu nyuma ya wavu, tss tss tena, halafu harufu ile inayokuja baada ya radi, au ukisimama karibu na mashine ya fotokopi iliyofanya kazi mchana kutwa. Nikakimbilia plagi. Nilipowasha tena trebo ya kushoto ilikuwa imebaki kama redio iliyofunikwa blanketi.

Nilikaa chini sakafuni. Mke wangu akaja akaangalia akaniuliza, "Hizi ndo zile za mia tatu na themanini?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema kitu kingine, na hapo ndo nilijua hali ni mbaya.

Zikakaa miezi mitatu zimefunikwa shuka. Nilikuwa naona aibu hata kuzipita. Mwisho nikampata fundi mmoja mstaafu mji wa jirani, mzee wa miaka sabini na kitu anayefungua hizi vitu kwa mapenzi tu. Akanichaji pauni 140 kuziangalia zote mbili na kunifundisha, hela iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye safari hii. Nikaanza kumwuliza maswali ya kuboresha, kapasita gani, waya gani wa ndani, akanikatisha. Akasema wewe hujawahi kuzisikia hizi spika zako, unataka kuboresha kitu ambacho hujawahi kukisikia.

Akanionyesha. Ile kulia inayonong'ona haikuwa na shida ya paneli hata kidogo. Shida ilikuwa kwenye kile kiboksi cha volti kubwa. Ndani kuna ngazi ya daiodi (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita, kila kidato kinaongeza volti juu ya kilichopita, mpaka zinafika zile elfu sita, na zote zimezamishwa kwenye nta. Baada ya miaka hamsini vile vidato vinachoka, volti zinafika nusu, na utando wenye chaji nusu unatoa sauti ndogo hata uuletee ampu ya uwanja wa mpira. Nikamwambia lakini nilipima kwa maltimita, ile mita ya mkononi ya kupimia umeme, nikaona volti mia tano na ushee. Akashika kichwa. Maltimita ya kawaida imetengenezwa kwa volti 1000, kwanza ungeweza kuiunguza na kujiumiza, pili ule umeme ni mwembamba sana, mkondo wake ni wa kudonoa, mita ikigusa tu inaunyonya wote na kukupa namba ya uongo. Kuna kifaa maalum cha kupimia volti kubwa na hata chenyewe kinavuta volti chini kidogo, kwa hiyo anayepima lazima ajue anachosoma. Kama huna, njia ya maskini ni kuziacha zimechomekwa usiku kucha halafu usikilize asubuhi. Ikiwa asubuhi sauti imepanda kidogo kuliko jana, kiboksi cha volti ndo mshukiwa wa kwanza.

Viboksi vipya viwili pauni 120. Paneli ya trebo iliyotengenezwa upya pauni 230, hii iliniuma. Vipo viwanda vidogo hapa Uingereza na Ujerumani vinavyotengeneza paneli na vipuri vya hizi spika mpaka leo, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta imekufa, ila jumlisha hiyo gharama KABLA ya kununua. Na yule mzee akaniambia ninunue pia visaketi vya ulinzi, pauni 60 vyote viwili, vinakaa kwenye trebo na volti zikizidi vinaiziba njia kabla cheche haijaruka. Kuna watu wanasema vinaharibu sauti. Mi masikio yangu hayasikii tofauti ila mfuko wangu unaisikia.

Kazi ya kufunga nilifanya mwenyewe, jikoni, na hapa nimkumbuke baba. Alikuwa na sheria moja dukani kwake, ukiingiza mkono kwenye redio yenye valvu mkono wa pili uwe nyuma ya mgongo, ili umeme ukikushika usipite kifuani. Tulikuwa tunamcheka tukiwa wadogo, anaonekana kama askari amesimama mguu sawa. Nilifanya kazi yote hivo. Chomoa ukutani, chomoa waya za ampu, acha usiku mzima, halafu hata hivyo usiamini, mwaga chaji iliyobaki kwenda ethi kwa waya wenye ngozi nzuri na rizista kubwa (kipuri cha kupunguza mkondo) njiani. Na kitu ambacho wengi hawajui, ile chaji ya utando inarusha tu, inaumiza ila mkondo wake mdogo. Hatari yenyewe ni ile transfoma ya muziki, ikiwa ampu inapiga kuna volti maelfu pale na nyuma yake kuna nguvu ya ampu nzima. Spika ikiwa wazi ampu isiwashwe, hata kwa kujaribu tu. Kama hujawahi kushika umeme wa aina hii mpe fundi, sio aibu.

Kazi niliyoichukia na kuipenda kwa wakati mmoja ni zile filamu za vumbi. Utando wenye chaji unavuta vumbi kama ile peni ya Bic, vumbi likiingia linashikana na unyevu, umeme unapata njia ya kupita na cheche zinaanza. Kwa hiyo mbele na nyuma ya paneli kuna filamu nyingine nyembamba kwenye fremu, kazi yake ni kuzuia vumbi tu. Zangu zilikuwa zimechanika, moja ilikuwa na tundu la panya kabisa. Unakata filamu mpya, unaibandika kwenye fremu kwa gundi ya utepe, halafu unapitisha hedraya ya nywele juu yake taratibu, inajikaza yenyewe mpaka inakuwa kama kioo. Taratibu, sio kama mimi. Ya kwanza niliitoboa kwa joto. Ya pili ikawa na mikunjo kama uso wa bibi. Ya tatu nilimaliza vizuri, mwanangu wa miaka minne akaja akaweka kidole kuona ni nini. Ya nne ndo ikakaa. Filamu na tepu zilinila pauni 45 na hedraya ya mke wangu ikapata harufu ambayo haijaisha, ya pili nimemnunulia, sijaihesabu kwenye jumla.

Usikaze filamu wala kufunga paneli siku ya mvua nyumba ina unyevu na chai inachemka pembeni. Yule mzee anafanya kazi hizi siku kavu tu, na chumba amekifuta sakafu kwanza kwa kitambaa kibichi kisha akakiacha kikauke.

Ile ampu kubwa niliiuza kwa hasara ya sitini nikachukua Quad 303, wati 45, iliyotoka miaka ya sitini, pauni 210 na huduma ya kubadilisha kapasita zilizochoka 150. Uzuri wake volti zake zinaishia karibu palepale spika zinapoishia, yaani hata nikilewa nikaifungulia yote ni ngumu kuua paneli. Ina kijivu cha ofisi ya serikali, haina urembo wowote, naipenda.

Sasa nikaziweka sebuleni palepale pa zamani, karibu kabisa na ukuta kwa sababu nyumba zetu hizi za kupangana zina sebule kama sanduku la viatu. Zote zinafanya kazi, pande zote sawa, na sauti... ya kawaida. Nilitaka kulia. Nikampigia yule mzee fundi, akauliza swali moja tu, umbali gani na ukuta? Nikasema sentimita ishirini. Akakata simu! Akanipigia tena baadaye anacheka.

Kumbuka hazina boksi. Sauti inatoka mbele na ileile inatoka nyuma, imegeuzwa. Ya nyuma ikigonga ukuta wa karibu inarudi upesi na kuchanganyika na ya mbele, ndo maana inakuwa ukungu. Nilizivuta mpaka mita moja na robo kutoka ukutani, na kila robo mita yule mwimbaji anaondoka kwenye ukuta na kuingia chumbani. Halafu ziko chini mno, trebo inalenga magoti yako, kwa hiyo nikatengeneza stendi za mbao, pauni 30, zikapanda kama sentimita arobaini na kusimama wima zaidi. Na trebo yake ni nyembamba kama tochi, kuna kiti kimoja tu cha kusikilizia, ukiinuka kwenda kuchukua chai muziki umebaki kitini. Faida moja ni kwamba ubavuni hazitoi karibu kitu, mbele na nyuma vinafutana, kwa hiyo jirani wa upande ule hajawahi kulalamika.

Mazungumzo na mke wangu kuhusu hita mbili katikati ya sebule yalichukua muda kuliko matengenezo yote. Tulielewana hivi, siku za kawaida zinasogezwa ukutani, nimetia alama za tepu kwenye zulia, Jumapili usiku watoto wakilala zinatoka. Weka alama za tepu. Sentimita tano zinaonekana.

Kwa aina ya muziki niseme wazi ili mtu asinunue kwa makosa. Kama wewe ni mtu wa singeli, au unataka besi ikupige kifuani, achana nazo kabisa, utaziua na hazitakufurahisha hata kabla hazijafa. Nilijaribu kuongeza subwoofa, ikawa kama watu wawili wanaongea, mmoja Tanga mmoja Pangani, sikuweza kuwaunganisha nikairudisha. Wapo wanaoweza, mi nimeshindwa. Ila sauti ya mtu, udi, fidla, kanuni, hapo hakuna mpinzani. Nimesikiliza taarabu ya kwetu, bendi kama Black Star na Lucky Star, Shakila anaimba, muziki niliousikia tangu tumboni kwa redio ya baba yenye spika ya inchi nne, na ndo mara ya kwanza nasikia kwamba wapiga fidla sio wote wako sawasawa, mmoja anachelewa kidogo kila mara. Hata rekodi za Siti binti Saad alizofanya Bombay 1928, zile zina mikwaruzo kama mvua ya bati, lakini mikwaruzo inakaa upande wake na yeye anakaa upande wake. Kwenye simu vyote ni tope moja. Ubaya ni kwamba rekodi mbovu inakuvua nguo, nyimbo nyingi za miaka hii zilizobanwa ili zisikike kubwa kwenye simu siwezi kuzimaliza humu.

Binamu yangu ameshauliza kama nimtumie pea Tanga. Nimekataa na sio uchoyo. Hewa ya bahari yenye chumvi na unyevu ule, volti elfu sita zitatafuta njia ya kutorokea kila kona ya fremu, utasikia zinakaanga usiku kucha, na umeme wetu ukipanda na kushuka viboksi vya volti vitapata shida. Chumba chenye kiyoyozi muda wote na stabilaiza labda. Nyumba za kawaida za pwani, madirisha wazi, hapana. Na kama mtu yuko huku na anababaika achukue zipi, zile zilizofuata, ESL-63 za kuanzia 1981, zinatoa sauti pana zaidi na zina ulinzi wake ndani, ila gundi ya paneli zake inazeeka na kuachia, na kufungua zile ni kazi kubwa kuliko hizi za 57. Mi ningebaki na 57.

Baba alikuja mwaka jana kutembea, miezi miwili. Jumapili nikamkalisha kwenye kile kiti. Hakusema kitu mpaka upande mzima wa santuri ukaisha, halafu akainuka akaenda nyuma ya spika ya kulia, akainama, mkono mmoja ameuweka nyuma ya mgongo bila hata kufikiria, akachungulia kwenye wavu muda mrefu. Akaniuliza, "Sasa spika yenyewe iko wapi?"

Tangu baridi ianze wiki mbili zilizopita kushoto kumerudi ule mlio, tik, kama mara moja kwa dakika, mke wangu anakausha nguo sebuleni maana nje hazikauki. Nadhani ni filamu ya nyuma imeachia kona. Jumamosi naifungua, meza ya jikoni nimeshaiombea ruhusa, na hedraya safari hii nimenunua ya kwangu.